Namba ya Kukodi Ina Mwenyewe

Arusha ya leo, huhitaji kuwa na shemeji Texas ndipo upate namba ya Marekani. Kijana mwenye simu na bando anaingia kwenye tovuti ya kukodisha namba, anachagua nchi, anachagua mtandao anaotaka kujisajili, analipa hela isiyofika bei ya chipsi mayai, na baada ya dakika chache tarakimu sita za uthibitisho zinamtokea kwenye kioo. Anazinakili, anazibandika, akaunti imefunguka. Wapo wanaofanya hivyo kwa matumizi yao wenyewe, na wapo walioigeuza kazi: unamlipa, anakufungulia, unaondoka na WhatsApp inayoanza na +1 huku umekaa zako Sakina.

Mjadala wa jambo hili kwetu huwa mfupi. Mmoja atasema ni utapeli mtupu. Mwingine atasema ndiyo ujanja wa mjini, asiyeujua amelala. Wote wawili wanamtazama anayekodi. Mimi nadhani wa kutazamwa ni yule ambaye namba yake inakodishwa bila yeye kujua. Huyo hatajwi popote, na inawezekana kabisa muda huu anapanga mafungu ya nyanya Kilombero.

Hata hivyo tumtendee haki anayekodi, maana ana sababu, na nyingine ni nzito.

Namba ya simu Tanzania imebeba mambo mengi kuliko ilivyokusudiwa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilitaka kila laini isajiliwe. Mei 2019 ikaja awamu ya alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, na waliopanga foleni kuelekea tarehe 20 Januari 2020, siku ambayo laini zilianza kuzimwa, hawahitaji kusimuliwa. Tangu hapo namba yako, kidole chako na majina yako yote matatu ni kitu kimoja. Ongeza na pesa za simu. Mtu yeyote mwenye namba yako anafungua menyu ya kutuma pesa, anaandika namba, anaandika kiasi, na kabla hajathibitisha jina lako linakuja. Anasoma, anaghairi. Hajatumia hata senti, na ameshakujua wewe ni nani.

Sasa fikiria dada anayeuza magauni Instagram kutoka Njiro. Kila mteja, pamoja na yule asiye mteja bali anatafuta mwanamke wa kumsumbua usiku, anapata namba na kwa namba anapata jina kamili. Dada huyo akitafuta namba ya pembeni kwa ajili ya biashara, amekosa nini? Nchi ambazo mitandao hii ya kijamii ilizaliwa hazikuwa na shida hii kwa namna yetu. Marekani na Uingereza mtu ananunua laini ya malipo ya kabla dukani bila kidole wala kitambulisho, kwa hiyo huko kumwomba mtu namba ni kumwomba kitu chepesi. Kwetu ombi hilohilo ni zito, na fomu ya kujisajili haijui tofauti.

Sababu ya pili ni riziki. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ya Tanzania iliruhusu kulipa lakini si kupokea, na zipo tovuti za kazi za mtandaoni ambazo jina la nchi yetu halimo kwenye orodha yao. Mhitimu wa chuo anayejua kazi akifika pale anapoulizwa nchi na namba, mlango unafungwa kabla hajaonyesha uwezo wake. Anakodi namba. Simsifu, ila namwelewa.

Ya tatu ni ya ofisi za utalii, nayo nitairudia kwa sababu ndiko hasara kubwa iliko. Wanaona mgeni wa Ohio akikuta namba inayoanza na +1 anajibu haraka kuliko akikuta +255.

Tuje kwenye mashine yenyewe, kwa sababu wengi wanadhani namba hizi zinatoka hewani. Zipo za aina mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha habari yote.

Aina ya kwanza ni namba ya intaneti kwelikweli. Kampuni inapewa fungu la namba na mamlaka au na mtandao wa simu, inaziweka kwenye kompyuta zake, na meseji ikiingia inakwenda kwenye programu badala ya kwenda kwenye laini. Hii ni biashara halali. Ndiyo inayotumiwa na vituo vya huduma kwa wateja, na Google Voice ni ya namna hiyo, ingawa kwa mtu binafsi inataka awe Marekani na awe tayari na namba nyingine ya hukohuko. Kasoro yake kwa mwenzetu wa Sakina ni kwamba inajulikana. Rekodi za namba zinaonyesha ni ya simu ya mkononi, ya mezani au ya intaneti, na mtandao unaotaka kukuhakiki unaweza kuulizia rekodi hizo kabla haujakutumia chochote. Benki nyingi na kampuni kubwa zikiona ni ya intaneti zinakataa. ChatGPT ilipokuwa inadai namba kwa kila anayejisajili, namba za aina hii ilizikataa.

Ndipo soko likahamia aina ya pili, ambayo haina chochote cha hewani. Ni laini halisi, plastiki na chipu, zimechomekwa kwa makumi kwenye sanduku lenye matundu mengi lililounganishwa na kompyuta. Meseji ikiingia kwenye laini, programu inaisoma na kuirusha kwenye ukurasa wa aliyelipia. Kwetu masanduku haya yalijulikana zamani kwa kosa jingine, lile la kuingiza simu za kimataifa kwa mlango wa nyuma ili kukwepa malipo. Sasa yamepata kazi ya kupokea OTP, yaani zile tarakimu za uthibitisho za kutumika mara moja.

Ukubwa wa kazi hiyo ulionekana Oktoba 2025, polisi wa Ulaya walipovamia mtandao mmoja nchini Latvia. Kwa mujibu wa Europol walikamata masanduku 1,200 yenye laini 40,000 zilizokuwa zinafanya kazi. Namba zilikuwa za nchi zaidi ya 80, na akaunti zilizofunguliwa kupitia huduma hiyo zilikadiriwa kuzidi milioni 49. Wateja wake walikuwemo matapeli wa uwekezaji, wauzaji wa maduka hewa na wale wanaojifanya mtoto wako amepata ajali. Bila shaka walikuwemo pia vijana waliotaka tu akaunti. Wote walipita dirisha moja, wakalipa bei moja.

Sasa rudi kwenye orodha ya nchi ya tovuti ya kukodisha namba. Ukikuta Tanzania imo, jiulize swali moja. Laini ya +255 ya simu ya mkononi haiwezi kukaa hewani kihalali bila kidole cha mtu na kitambulisho chake, kwa Mtanzania cha NIDA. Namba inapokodishwa kwa wageni mia, ni kidole cha nani?

Jibu mojawapo linajulikana mtaani. Mama kaja kurudisha laini iliyopotea. Kijana wa mwavuli, wakala wa kusajili laini, anachukua namba ya NIDA, anamshika kidole, anakibonyeza kwenye mashine. "Haijasoma mama yangu, weka tena." Anaweka tena. "Mtandao unasumbua, tujaribu na kingine." Mama anaondoka na laini moja, kumbe mashine imesoma mara zote, na laini ya pili imebaki mfukoni mwa kijana. Simwiti kila wakala mwizi. Wengi wanapigwa jua kutwa kwa kamisheni ndogo na kazi yao ni safi. Lakini laini ya ziada yenye jina la mtu asiyejua ni bidhaa, na bidhaa ikishakuwa na mnunuzi haikosi muuzaji. Zamani mnunuzi alikuwa yule tapeli wa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Sasa ameongezeka mwingine, na huyu wa sasa hapigi simu wala hatumi meseji. Anapokea tu. Mama hatasikia malalamiko ya mtu hadi siku polisi watakapouliza namba fulani ni ya nani.

Kwa hiyo anayejitetea kwamba amekodi namba kulinda faragha yake aelewe kwamba, kwa aina hii ya pili, yake ameilinda kwa kutumia ya mwenzake. Hapo ndipo huruma yangu inapoishia.

Na hata ulinzi wenyewe ni wa muda. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Namba ya kukodi unakaa nayo dakika ishirini, ukilipa zaidi wiki au mwezi, kisha inarudi sokoni. Akaunti uliyoifungua inaendelea kuiamini namba hiyo kana kwamba ni yako.

Chukua ofisi ya utalii mjini Arusha, watu watano, magari mawili, moja bado lina mkopo. Wamefungua WhatsApp ya biashara kwa namba ya Marekani waliyokodishiwa na kijana. Miezi minane mambo ni mazuri. Wageni wanaulizia Ngorongoro, wanatumiwa ankara, wanalipa malipo ya awali kwa benki. Namba imeshakwisha muda na hakuna anayekumbuka, kwa sababu WhatsApp inaendelea kufanya kazi. Siku moja mtu mwingine, huko aliko, anapangishiwa namba ileile, anajisajili, tarakimu sita zinamfikia yeye. Simu ya ofisi inatolewa nje. Mazungumzo ya zamani hayaoni, lakini makundi ambayo namba hiyo imo na kila meseji mpya kutoka kwa wageni vinamjia yeye, vikiwa na jina la kampuni. Mgeni anaandika, "Tumekamilisha malipo ya awali, lini tutume salio?" Anayejibu ana akaunti yake ya benki tayari. Safari ya watu wanne ya siku saba ni maelfu ya dola.

Utasema waweke ile namba ya siri ya hatua ya pili ambayo WhatsApp inatoa tangu 2017. Waiweke, inasaidia. Lakini mwenye namba mpya asiyeijua akisubiri siku 7 anaweza kuingia bila hiyo, kwa sababu mfumo unaamini kwamba mwenye kupokea meseji ndiye mwenye namba. Na kwa haki kabisa ndiye mwenye namba. Ofisi ndiyo iliyokuwa mpangaji.

Tovuti za namba za bure sitazimalizia wino. Zinaonyesha kila meseji hadharani, kwa mtu yeyote anayefungua ukurasa. Anayepokelea tarakimu zake pale ameziandika ukutani.

Hata hivyo tusidhani kwamba anayetumia laini yake halali ya Moshi yuko salama kwa asilimia zote. Laini isiyotumika hufungwa, na namba yake huuzwa upya kwa mtu mwingine. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton walichukua sampuli ya namba 259 zilizokuwa zinapatikana kwa wateja wapya wa mitandao miwili mikubwa ya Marekani. 171 kati yake zilikuwa bado zimeunganishwa na akaunti za watu kwenye tovuti maarufu. Nani kati yetu aliyebadilisha mtandao kwa sababu ya bando akakumbuka kuondoa namba ya zamani kwenye barua pepe yake? Na kuna kurenyu laini: mtapeli anamshawishi au anamhonga mtu wa dukani, namba yako inahamia kwenye laini yake, wewe unabaki na simu isiyo na mtandao. Agosti 2019 waliovamia akaunti ya Jack Dorsey, wakati huo akiwa mkuu wa Twitter yenyewe, walipitia namba yake ya simu.

Kosa la msingi ni la kampuni. Meseji ya kwanza ya simu ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nayo ilikuwa salamu ya Krismasi. Haikutengenezwa kuwa kitambulisho. Kampuni ziliikuta kila mtu anayo, zikaibebesha ulinzi wa mali kwa sababu ilikuwa rahisi kwao. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishaandika kwenye mwongozo wake wa 2017 kwamba meseji za uthibitisho zitumike kwa masharti, na kwamba namba za intaneti zisitumike kabisa kwa kazi hiyo. Machi 2023 Twitter iliwaondolea ulinzi wa meseji wateja wasiolipa, huku Elon Musk akisema walikuwa wanapoteza dola milioni 60 kwa mwaka kwa meseji za ulaghai. Yaani hata wenyewe wameichoka, ila anayejisajili leo bado anaombwa namba kwanza.

Nakubali meseji ina sifa moja ambayo wataalamu wa mijini huisahau: inaingia kwenye kitochi. Bibi wa Marangu mwenye simu ya batani hawezi kuambiwa apakue programu. Kwa huduma za fedha za simu, ambako laini ndiyo akaunti yenyewe, meseji itakuwepo kwa muda mrefu na sioni cha kuibadilisha kesho. Nachopinga ni barua pepe ya kampuni, ukurasa wa biashara na akaunti ya kazi kulindwa kwa kitu kilekile wakati njia nyingine ipo.

Njia hiyo ni programu ya kuzalisha tarakimu kwenye simu. Ukiunganisha mara moja, simu na mtandao husika vinabaki na ufunguo mmoja wa siri, na kila sekunde 30 simu inakokotoa tarakimu mpya kwa kutumia ufunguo huo na saa yake. Hakuna meseji, hakuna laini, hakuna intaneti. Waongoza watalii wa Kilimanjaro wanaujua umuhimu wake hata kama hawajui jina lake. Mgeni ametoa laini ya kwao Ujerumani, ameweka ya hapa. Benki yake inatuma tarakimu kwenye laini iliyolala ndani ya pochi, naye yuko geti la Machame anataka kulipa. Mwingine alishahamishia namba yake ya nyumbani kwenye huduma ya intaneti ili meseji zimfuate popote, na hayo ndiyo matumizi ya namba ya intaneti nisiyo na neno nayo: namba ni yake, ameilipia, anabaki nayo. TTCL ilifikisha intaneti kituo cha Horombo, mita 3,720, Agosti 2022, kwa hiyo huyo wa pili anaweza kupokea meseji yake mlimani, kama benki yake haikuikataa namba hiyo. Mwenye programu ya tarakimu anazisoma hata pale ambapo mnara umekata.

Kwa ofisi zetu ushauri wangu ni mkavu. Nunueni laini ya kampuni, isajiliwe kwa jina la kampuni na si la dereva wala la mpwa wa bosi, iwekwe kwenye simu inayobaki ofisini, iongezwe salio hata kama haipigi. Mgeni wa Ohio ataizoea +255 akiona majibu ya maana, tovuti inayoeleweka na leseni. Anakuja Tanzania, namba ya Tanzania haiwezi kumshtua. Kama mnataka ya Marekani kwa simu za huko, kodini kwa kampuni inayotoa mkataba na ankara kila mwezi, na isiwe ndiyo namba inayofungua barua pepe yenu.

Kwa kijana wa kazi za mtandaoni ushauri haupendezi. Akaunti uliyofungua kwa namba ya mtu wa Kazan au wa Jakarta usiiwekee kazi ya miaka. Siku tovuti ikitaka kuhakiki tena, na huwa zinataka hasa pesa zinapokusanyika, tarakimu zitakwenda kwa mpangaji mwingine. Na ukijaza jina na nchi isiyo yako umeshatoka kwenye faragha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalo la kusema kuhusu kujifanya mtu mwingine.

Anabaki yule wa nyanya. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, tuna tume yake, tuna mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Lakini kazi ya kugundua laini ya ziada imeachwa mikononi mwake: apige *106#, aangalie orodha ya laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake, akikuta asiyoijua aende duka la mtandao husika na kitambulisho ifungwe. Ni bure na inachukua dakika moja. Nimeona watu wenye shahada wakiipiga kwa mara ya kwanza na kunyamaza. Meseji ya kitapeli ikimfikia aitume 15040. Yote hayo ayafanye. Tatizo ni kwamba laini ikifungwa leo, akaunti zilizofunguliwa kwayo mwezi uliopita hazifungwi nayo. Zilihitaji tarakimu sita mara moja tu, na bado ziko kazini, zinaandikia watu wa Dodoma na wa Dublin.